Sauti Iliyokosekana Kwenye Kanda

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu. Aliye jikoni apunguze moto kidogo. Leo tunamkumbuka fundi viatu aliyetutoka wiki iliyopita, mzee mliyempachika jina la Ulizauliza. Na jina lilimkaa sawasawa.

Mzee huyu hakuwa na picha hata moja ya bibi yake. Bibi alikuwa dobi. Dobi tu, mtu wa kawaida, na watu wa kawaida hawajengewi sanamu. Basi fundi akajifunga kibwebwe. Akishafunga kibanda, alibeba kinasa sauti chake na kwenda kwa kila aliyemkumbuka bibi. Hakuuliza makubwa. Aliuliza: alipiga pasi amesimama au amekaa? Alicheka vipi?

"Kaka alinichosha na maswali!" anasema dada yake. "Siku moja nikamwambia, bibi alikuwa anasogeza pasi shavuni kupima moto, mpaka shavu la kushoto likawa jeusi kuliko la kulia. Akalia kama mtoto. Shavu tu, jamani!"

Shavu tu. Lakini sasa bibi alikuwa na uso.

Fundi alikuwa na mtindo wake. Akitaka kuuliza, anazima kinasa. Akiwasha, jibu linaanza. Alitaka kanda yote iwe ya msimuliaji. Binti yake alimwambia, "Baba, acha na sauti yako humo basi." Mzee akacheka. "Yangu ya nini, mwanangu? Mimi si nipo?"

Mimi si nipo. Wasikilizaji, hapo ndipo panaponiuma.

Baada ya maziko, binti alijifungia chumbani kwa baba, penye harufu ya gundi na ngozi. Akasikiliza kanda zote. Dobi alikuwapo tele: anaunguza kola, anamgombeza mteja, anacheka mpaka anakaa chini. Baba hayupo. Tak, kinasa kinazimwa. Tak, mtu mwingine anajibu.

"Nilikuwa nasikia vile vidole vyake vikibonyeza," anasema binti. "Nikawa namwambia, Baba, sema japo neno moja."

Alilipata kwenye kanda ya chini kabisa ya boksi, ya zamani kuliko zote. Shangazi anasimulia. Mlango unafunguliwa kwa kishindo, mtoto anaingia akiimba kwa sauti. Mtoto mwenyewe ni huyo binti, enzi hizo ana mapengo. Na fundi, kwa kusahau kuzima, anamtuliza. Maneno matatu, basi. Binti ameyarudia mpaka kanda imeanza kukwaruza.

Kwa binti, kwa shangazi, na kwa wote mliovaa viatu vilivyopita mikononi mwake, poleni sana. Mungu amlaze pema. Nasi tuliobaki, tuwaulize wazee wetu walivyoishi, lakini tusizime tunapouliza. Watakaotutafuta kesho watatutafuta kwenye kanda hizo hizo.

Binti ameomba tusipige muziki leo. Ameomba mumsikie baba yake, halafu tukae kimya. Huyu hapa:

"Nyamaza kidogo, mwanangu."