Mizimu Iliyoagiza Chumvi

Haya, mketi. Wewe pale nyuma mwenye koti, livue, hatuondoki sasa hivi. Pasta amenipa dakika kumi. Dakika kumi za pasta wote tunazijua, unaweza kuweka maharage jikoni yakaiva. Basi na mimi nimechukua za kipimo hicho hicho.

Nasimama hapa na shukrani. Miaka mitatu iliyopita, katika ukumbi huu huu, jina langu lilisomwa kwenye karatasi nikatolewa kwenye kwaya. Mlikuwepo. Wengine mlilia, wengine mlifurahi, nawajua, msijifiche nyuma ya watoto. Leo sitataja jina la mtu. Nikiigiza sauti ukajitambua, hiyo ni juu yako.

Mambo yalianzia kwenye majani. Hapo Alby, mtaani kwangu, ukishuka kuelekea ziwani, kuna yale majani yanayowasha, Waswidi wanayaita nässlor. Mimi nilikuwa mgeni bado, na nilikuwa na hamu ya sombe, majani yetu ya muhogo ya kutwanga. Sombe ya hapa inatoka kwenye friza, ngumu kama tofali. Nikasema, hebu nijaribu haya ya kwao. Nikavaa glavu za kuoshea vyombo, nikaanza kuchuma. Mara naona mama wa Kiswidi, nywele mpaka kiunoni, kikapu mkononi, naye anachuma. Tukatazamana kama wezi waliokutana dirishani.

Akaniuliza, "Wewe unayapika?" Nikamwambia, "Natwanga." Akasema ndiyo. Mnajua wanavyosema ndiyo kwa kuvuta pumzi, kama mtu aliyemeza supu ya moto: hhup! Akanialika kwenye sherehe yao ya kiangazi. Nikauliza, sherehe ya nini, ninyi dini yenu ni gani? Akanijibu, kifua mbele: "Sisi ni wapagani."

Ndugu zangu, nilicheka mpaka nikashika mti. Maana wamisheni waliotoka huku huku Sweden ndio walikuja kwetu Kongo, upande wa Uvira, wakamwambia bibi yangu, kwa sauti ya puani hivi: "Mamaa, acha upaganii." Bibi akaacha. Akavunja na vyungu vyake vya matambiko. Mimi nimekimbia vita, nimefika kwa wenyewe, nakuta upagani umewekwa kwenye kikapu pamoja na majani! Nikamwambia, "Kumbe mlimnyang'anya bibi yangu ili mje kuutumia ninyi." Maskini, hakuelewa. Akasema hhup.

Nikaenda. Unapanda treni, unapanda basi, unafika uwanja pembeni ya ziwa. Miaka ile ya kwanza ilikuwa kitu kidogo. Mahema machache, moto mmoja, kila mtu na sufuria yake. Ratiba hakuna. Mzee mmoja wa ndevu anapiga sufuria kwa mwiko, anaita, "Nani ana la kufundisha?" Mmoja anasimama: najua kusuka kamba. Mwingine: najua nyota. Mimi nikasema: najua kutwanga. Yule mzee wa ndevu akanichongea kinu kwa gogo la mti wao mweupe, na michi mitatu. Nikawapanga watatu watatu, mchi unashuka huyu, unapanda huyu, tu-tu-tu, na wimbo wa kazi juu yake. Mara ya kwanza waligongana vichwa. Tukapika yale majani kwa karanga, tukala. Wakimaliza wanavua nguo zote wanaingia ziwani. Mimi nageukia msitu, nahesabu miti. Miti ya pale naijua yote.

Msinitazame hivyo. Kwa miungu yao sikuinama. Wakianza kuimba kwa Thor wao mimi nilikuwa naosha sufuria. Niliwapenda kwa sababu kwenye kutwanga hakuna aliyeniuliza karatasi ya shule.

Lakini kitu kikikua, kinabadilika. Watu wakawa wengi. Ukiingia unavalishwa bangili ya karatasi. Vyoo vikaja na lori. Yule mzee wa ndevu na sufuria yake wakamkalisha, kukawa na kamati, na mafundisho yakaitwa warsha. Kila warsha na saa yake, na ukitaka kufundisha unajaza fomu: wewe nani, utafundisha nini, mtu akitoka hapo atakuwa amepata nini. Mama wangu wa majani akawa mkubwa wa kamati. Akaniletea fomu. Nikaishika, nikakunja uso, nikasema, "Ah! Miwani nimesahau nyumbani."

Miwani! Mimi miwani sijawahi kuwa nayo. Macho yangu yanaona nzi akiwa kule Akalla, upande wa pili wa mji.

Akasema, "Usijali, nitakuandikia mimi, weka tu sahihi." Nikachora ile nyoka yangu ninayochora kila mahali.

Siku ikafika. Naingia hemani na majani yangu, nakuta watu wamelala chali kwenye vigodoro, macho wamefumba, kimya. Nikafikiri, maskini, jana walicheza sana. Nikaanza kutwanga peke yangu. Mara huyu anatetemeka, yule machozi yanatoka. Nilipomaliza, msichana aliyejipaka rangi usoni akanishika mikono: "Mama, nimewaona mababu!" Nami nikajibu nini? Hapa ndipo nilipoanguka, ndugu zangu, sikusukumwa na mtu. Nikasema, "Eeh, mwanangu. Wanakusalimu."

Neno lilikuwa tamu. Maisha yangu yote watu wananionyesha mlango wa kufagia, leo mtu ananishika mikono kama mtume.

Vuli ile ile karatasi yao ya kutangaza warsha za mwaka unaofuata ikafika hapa kanisani, na picha yangu juu. Pasta akaisoma mbele ya wazee. Mnajua pasta anavyosoma, kila neno analiacha lipoe kwanza: "Mganga... kutoka Kongo... ataita... mizimu... ya mababu." Dada mmoja wa Burundi akapiga kelele, "Yezu we!" Pasta, usiinamishe kichwa, nakutania, ulisoma vizuri. Ndipo pasta akaniuliza, "Mama, ni wewe uliyeandika?" 

Jibu lilikuwa fupi. Pasta, mimi sijui kusoma. Maneno manne. Sikuyatoa. Maana miaka yote kwenye kwaya nilikuwa nashika kitabu cha nyimbo kama wenzangu, wakifungua nafungua. Siku moja mwenzangu aliniambia, "Mama, kitabu chako umekishika kichwa chini." Nikamwambia, "Wimbo huu naujua pande zote." Sasa leo niseme? Mbele ya watoto wangu, mbele ya ninyi niliowadanganya? Nikaona afadhali niitwe mchawi kuliko niitwe mjinga. Mchawi angalau anaogopwa. Nikanyamaza, mkanitoa.

Ule ubaridi mliuona ninyi kwenye theluji, mimi niliuona kwenye salamu. Nikikutana na mtu Vällingby sokoni, anageuka kutazama viatu kwenye vioo vya duka. Viatu vya wanaume, na mume hana!

Kwa hasira nikasema, sawa, mmesema mganga, mtamwona mganga. Kiangazi kilipofika nikajipaka unga usoni. Nikavaa manyoya ya kuku na simbi za duka la Wahindi. Kamati ilinipa hema kubwa, warsha siku mbili mfululizo. Siku ya kwanza likajaa. Wakalala chini. Sasa nitaita mizimu kwa maneno gani? Sijui hata moja, bibi aliyaacha yote kwa wamisheni! Nikafungua mdomo, nikaita kwa sauti ya shimoni kile nilichokuwa nacho kichwani, vitu vya kununua dukani:

"Chuuumvi! Maweeese! Ndagala kavu, ndagalaaa! Na sabuni... ya kufuliaaa!"

Cheka, cheka tu. Watu walilia machozi kwa ajili ya dagaa na sabuni.

Walipotoka, akabaki bibi mmoja wa Kiswidi, mdogo wa mwili, nywele nyeupe, viatu vya mvua. Akaja taratibu, akaniinamia sikioni. Akasema, kwa Kiswahili cha Uvira kabisa, kile cha sokoni:

"Mama, mizimu yako inakula sana. Na sabuni itaifanyia nini?"

Unga wote usoni uliniganda.

Kumbe ni mtoto wa wale wamisheni. Alizaliwa kwetu, akabebwa mgongoni na mama wa kwetu, akarudishwa Sweden akiwa msichana. Mpagani siye. Aliona tu kwenye programu yao neno Kongo, akapanda basi. Nikamwambia, "Nisamehe, mama, nimekudanganya." Akasema, "Hapana. Nilikuja kusikia Kiswahili. Hata kingekuwa cha mizimu, ningekaa." Halafu macho yakamjaa. "Uliposema ndagala nikasikia harufu ya jiko la yule aliyenilea."

Tukakaa kwenye vile vigodoro, wazee wawili. Akanyoosha ile programu, akauliza, "Kwa nini ulikubali waandike hivi?" Nikauliza, "Hivi vipi?" Akanitazama. Akatazama karatasi. Akaelewa, jamani, bila mimi kusema. Akanisomea pole pole kwa Kiswahili. Kumbe wameandika mimi ni mganga wa kizazi cha saba! Cha saba! Bibi yangu, kizazi cha pili tu, alikuwa anauza mihogo ya kuchemsha.

Akauliza, "Kesho una warsha nyingine. Utawaambia nini?"

Kesho yake nikanawa uso. Nikaingia na kitambaa changu na kinu changu. Wamelala. Nikasema, "Amkeni." Nikasimama mbele yao na Kiswidi changu cha kuokoteza: "Jag kan inte läsa." Mimi sijui kusoma. Ile iliyoandikwa siyo mimi. Mimi ni mama wa Kongo, mkristo, natwanga. Mizimu sijui hata inakaa wapi.

Mama wa kamati akawa mwekundu kama nyanya: "Lakini mama, mimi... nilifikiri watu watapenda." Nikamwambia, "Wewe ulifikiri, mimi nikakubali. Tumekula sahani moja." Msichana wa rangi usoni akauliza kwa sauti ndogo, "Na mababu niliowaona mwaka ule?" Nikamwambia, "Mwanangu, ulikuwa umelala. Ulikoroma." Wengine wakachukua vigodoro vyao wakatoka na hasira, na walikuwa na haki. Nikabaki nimesimama. Mikono sina pa kuiweka.

Ndipo yule mzee wa ndevu, waliyemkalisha na sufuria yake, akainuka kule pembeni. Akauliza, "Kinu bado kinafanya kazi?" Akashika mchi. Bibi wa viatu vya mvua akashika wa pili. Akaanza wimbo wa kutwanga wa kwetu, aliufundishwa mgongoni, na akaukosea, na mimi nikaitikia. Msichana akaja kushika wa tatu. Ndugu zangu, nawaambia, hema lile lilitikisika. Waliotoka walirudi kuchungulia. Siku ile nilijua kwamba jina langu mwenyewe linatosha.

Tuliporudi mjini yule bibi akaniambia, "Jumanne, maktaba ya Alby." Nikaenda najificha kama naenda kuiba. Ka, ke, ki. Mkono unauma kuliko mchi! Binti yangu alipoona daftari akasema, kwa Kiswidi chao hicho, "Men mamma!" Yaani, lakini mama! Akakaa chini, akalia. Akasema, "Barua zote zile za shule yangu, ulikuwa unatia sahihi tu?" Nikasema, "Na wewe, nikikwambia nisomee nimechoka, ulikuwa unanisomea uongo, sasa nimejua." Akacheka na machozi.

Kiangazi kilichofuata fomu ikaja. Nikaijaza mwenyewe, wiki mbili nzima. Ninayo hapa, na sasa mtaniona nikisoma. Nyamazeni:

"Mimi ni mama kutoka Kongo. Natwanga majani yenu. Njoo na mikono miwili. Mizimu hakuna. Chakula kipo."

Haya, pigeni vigelegele, msione haya! Basi. Basi, inatosha, pasta anatazama saa.

Hema halikutosha. Tulitoa kinu nje, wakapokezana mpaka majani ya uwanja mzima yakaisha. Na kamati yao imebadilisha kitu: asiyeandika, siku hizi anaeleza kwa mdomo, wanaandika, wanamsomea, wanamuuliza, "Huyu ni wewe?" Akisema hapana, wanafuta. Mama wa majani mwenyewe ndiye aliyelisimamia hilo. Na kati ya waliokuja kutwanga mwaka ule alikuwepo mama mchungaji wetu. Alikuja kunipeleleza! Akasema, "Nimepita tu." Treni na basi, amepita tu! Akatwanga, akala sahani mbili, akarudi akamweleza mume wake. Na pasta akapanda ngazi mpaka mlangoni kwangu, lifti imeharibika, anahema, akasema, "Mama, nilikuuliza kama uliandika. Sikukuuliza kama unaweza kusoma. Nisamehe." Pasta, hilo sitanii. Uliniheshimu.

Namshukuru Mungu. Namshukuru yule bibi, ambaye wazazi wake walikuja kutufundisha kusoma wakaniruka mimi, mtoto wao akarudi kumalizia. Nashukuru wale wapagani, ndiyo, nawashukuru hapa kanisani. Nawashukuru na ninyi mlioacha kutazama viatu.

Neno langu ni hili: usiweke sahihi kwenye kitu ambacho hujasomewa, na ukimwona mwenzako amekaa kimya mbele ya karatasi, msomee kwanza kabla hujamhukumu.

Jumanne ya maktaba bado ipo. Tuko wanne sasa, na mmoja wetu yuko ndani ya ukumbi huu, simwangalii. Nafasi ziko. Tukimaliza nitasimama pale mlangoni kuaga watu. Anayetaka, anishike mkono tu, aubane kidogo. Sitamuuliza neno. Nitamwambia saa.