Mizani ya Gaudens Haikukosea

Marehemu Gaudens Melkiori Shirima alizaliwa Mashati, Rombo, tarehe 3 Machi 1924. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nane, kisha akaja Dar es Salaam kusomea ufundi wa maabara. Alifanya kazi katika maabara ya serikali tangu 1949 hadi alipostaafu mwaka 1979.

Mwaka 1953 alifunga ndoa na Severa, wakajenga maisha Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Siku ya harusi alikula nusu sahani, wakwe wakaulizana kama pilau ina kasoro. Haikuwa nayo. Ndivyo alivyokula siku zote.

Mama yetu, aliyemzaa marehemu, alifariki kwa kisukari mwaka 1968. Tangu hapo marehemu alitaka kujua jambo moja: je, kula kidogo kwa miaka mingi huzilinda chembe za kongosho zinazotoa insulini, zisichakae uzeeni? Januari 1972 alipewa panya arobaini. Ishirini walikula washibe; ishirini walipimiwa sehemu sita kwa kumi. Banda la maabara lilipovuja aliruhusiwa kuwahamishia uani kwake, na mtaa mzima ukamwita Bwana Panya. Aliitika.

Oktoba 1973 alikwenda Rombo na mkewe kumuuguza baba. Panya alimwachia mdogo wake, Euphrasia, ambaye ndiye mimi ninayesoma. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Jirani yetu, Bi Sabaha, alikuja na futari, akawaona wale panya waliokonda.

"We Euphrasia, kiumbe wa Mungu unampimia kwa kijiko, mwezi huu? Mnyama hana mdomo wa kuomba."

Niliona aibu. Kwa wiki tatu tuliwapa muhogo wa nazi, wakala vizuri sana.

Kaka aliporudi aliwapima mara mbili. "Uliwapa nini?"

"Kama ulivyoagiza, kaka."

Aliipeleka mizani kwa fundi, ikaonekana nzima. Basi akaandika katika ripoti yake kwamba mpimaji amekosea, yaani yeye. Kazi ikasimamishwa. Mwaka uliofuata mahindi yakawa haba hata kwa watu, na hakuna aliyetaka kusikia habari za panya. Hakupandishwa cheo tena.

Kisukari kilimpata mwaka 1978. Alifariki nyumbani kwake Jumapili, tarehe 14 Novemba 1982. Petroli ya kumfikisha Rombo haikupatikana, kwa hiyo tunamzika hapa Kinondoni.

Wenzake wa maabara mpo hapa, na nimefanya makusudi kuliandika hili na kulisoma mbele yenu. Kaka alipima sawasawa. Mimi niliwashibisha panya wake, nikamdanganya, naye amekufa bila kupata jibu alilolitafuta. Inaniuma sana. Naomba karatasi hii iwekwe kwenye faili lake, juu ya ile ripoti.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu sita, na mdogo mmoja aliyechelewa miaka tisa kusema.

Mungu ampumzishe kwa amani.