Chupa Kumi na Moja za Yaya Constance

Mama, mjomba Kalaba, Baba Padri, ndugu na majirani, naomba mnisikilize mpaka mwisho. Mimi ni Symphorien, mdogo wake marehemu, dada mkubwa niliyemwita yaya. Nimepewa kazi ya kusoma maisha yake, nami nitayasoma yote, hata pale nilipoambiwa niruke.

Constance Mwape alizaliwa tarehe 14 Februari 1984 hapa mtaani Bel-Air, mtoto wa kwanza wa marehemu baba Anaclet, fundi wa reli, na mama Angélique, ambaye amekaa mbele yenu. Baba alikuwa mtu wa Kaskazini. Mama ni wa Mokambo, na kwa watu wa mama, mtoto ni wa mjomba. Shikeni neno hilo, nitalirudia.

Alisoma shule ya msingi na sekondari hapo hapo Bel-Air, akapata diploma ya Serikali ya kuhitimu sekondari mwaka 2002, kisha akaingia chuo kikuu kusoma kemia. Wanafunzi wenzake walikunywa chibuku, pombe ya bei ndogo iliyovuka mpaka kutoka Zambia, ile ya kutikisa kabla ya kufungua. Yeye aliionja, akakunja uso, akaanza kupika munkoyo yake, pombe ya mahindi na mizizi, kwenye ndoo, chini ya kitanda cha bweni. Aliitia katika chupa za limonadi, akazifunga kwa nguvu. Jumapili moja wenzake walikuwa wakisali chumba cha pili, vizibo vikaanza kuruka. Wote walilala chini wakidhani ni bunduki. Yaya alifukuzwa bwenini wiki mbili. Baba alipomwona mlangoni na sanduku lake, alimuuliza jambo moja tu: "Ilikuwa muzuri?"

Mwaka 2009 aliajiriwa katika maabara ya kiwanda cha bia, na mwaka 2012 alikwenda Ubelgiji miezi sita kujifunza. Alirudi na daftari lililojaa bia za huko: nyeusi za watawa, nyeupe za ngano, nyingine chachu mpaka meno yanauma. Watu walimuuliza anapenda ipi kupita zote. "Munkoyo ya mama," alijibu, "kiisha Simba ya baridi siku ya mushahara. Zile zingine niko nazisoma tu." Mwaka 2013 alifungua kiwanda chake kidogo cha bia huko Naviundu, sufuria mbili kubwa na mimi wa kuosha chupa. Bia yake ilikuwa ya rangi ya udongo, yenye harufu ya mzizi ule ule wa munkoyo.

Jumamosi tarehe 9 Agosti 2014, Osée Mulenga, fundi wa umeme, alileta mahari kwetu Bel-Air. Orodha ilitaka kreti sita za bia. Alileta tano za Simba, na moja ya bia ya Constance, kwa kuwa alijivunia mchumba wake. Kwetu, mjomba akinywa pombe ya mahari, ameitika. Asipokunywa, hakuna ndoa. Mjomba Kalaba alianza na ile ya Constance, na nilimwona akifumba macho. Akauliza, "Ii pombe ni nani alitengeneza?" Mimi na domo langu nikajibu: "Ni yaya ye mwenyewe." Mjomba, aliyekuwa amepiga funda la pili, aliitema, akaweka glasi chini. "Mutoto mwanamuke hajioze ye mwenyewe. Mi sijakunywa." Akasimama, akarudi Mokambo.

Kanisani hawakwenda. Mama alisema tungoje mjomba anywe kwanza. Wakaishi hivyo, nusu wameoana, na mwaka 2017 wakampata Syntiche.

Kila Januari, tangu 2015, yaya alinipa chupa moja nimpelekee mjomba. Kila mara mjomba aliniambia, "Weka pale. Mi siikunywi." Na kila nilipofika mwaka uliofuata, niliikuta ya mwaka jana kwenye kizingiti, tupu, imeoshwa. Januari 2019 mjomba alinishika mkono nikiwa natoka. "Ambia ule mutu, ya mwaka jana ilikuwa na buchungu mingi." Kisha akakohoa. "Banasema." Yaya alicheka mpaka machozi, na tangu siku hiyo akapunguza uchungu wa chupa ya Mokambo.

Mei 2024 madaktari waliona kansa katika mfuko wa uzazi. Wanaonong'ona kwamba ni bia iliyomuua, waache; daktari alikataa mbele yangu. Dawa zilimwondolea ladha, maji na bia vikawa kitu kimoja mdomoni. Osée akawa ulimi wake. Alionja, akamweleza, na yaya akaamua nini kiongezwe au kipunguzwe. Ni Osée aliyemwogesha na kumlisha. Alifariki Jumanne tarehe 16 Septemba 2025, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Osée.

Mjomba alifika matangani Jumatano, akasema mbele ya ukoo: "Osée atasimama na bajirani. Sijakunywa pombe yake, haiko bwana yake. Mutoto nitaenda naye Mokambo." Nami nikaambiwa kwamba kwenye karatasi hii niandike "rafiki" mbele ya jina la Osée. Nilikasirika, na bado nimekasirika.

Constance ameacha mama yake, Angélique. Mjomba wake, Kalaba. Mdogo wake, mimi. Binti yake Syntiche, wa miaka minane. Na mume wake, Osée Mulenga. Someni wenyewe. Nimeandika mume.

Mjomba, nakuheshimu. Lakini nilipeleka chupa kumi na moja, na kumi nimezirudisha Naviundu tupu, kwa mikono yangu. Jumatano ulipoweka mkoba wako sakafuni, nilisikia mlio wa chupa. Nimeosha chupa miaka kumi na miwili, na chupa iliyojaa hailii vile. Fungua mkoba mbele ya watu hawa. Kama chupa ya kumi na moja, ile ya Januari hii, imejaa, isimamishe juu ya jeneza, nami nitalifuta neno mume. Kama ni tupu, chota udongo umpe Osée mkononi, atupe wa kwanza kaburini kama mume, na Syntiche arudi nyumbani na baba yake.

Yaya Constance, pumzika kwa amani. Pombe yako ilinywewa.