Murman Bregvadze, Mhadhiri wa Maziwa Aliyekaa Kibandani Siku Arobaini

Marehemu Murman Bregvadze alizaliwa tarehe 3 Machi 1951 huko Terjola. Mimi, Nanuli, ni dada yake mkubwa.

Alisoma shule ya kijijini, kisha akahitimu shahada ya usindikaji maziwa mwaka 1973.

Kuanzia 1976 alifundisha chuo cha kilimo, kwa daftari lile lile, jinsi ya kuendesha kiwanda cha tani mia mbili za maziwa kwa siku. Utawala wa zamani ulianguka, kiwanda chenyewe cha maziwa kikageuka duka la magauni ya harusi, daftari halikuambiwa. Mwaka 2007 mageuzi ya vyuo yalipobisha hodi, tume ilidai kila idara ilete mwajiri atakayetia saini kwamba anawahitaji wahitimu wake. Isiyo na saini ingefungwa. Akanijia kwenye kibanda changu cha jibini, sokoni Kutaisi, na tai shingoni.

“Dada, ni saini tu.”

“Wanafunzi wako hawawezi kugandisha hata ndoo moja ya maziwa.”

“Wanajua kanuni za tani mia mbili.”

“Ziko wapi hizo tani, mdogo wangu?”

Nikamwambia saini ataipata akinifanyia kazi. Akajitolea siku tatu. Nikataka miaka miwili. Tukakubaliana siku arobaini. Jibini yake ya kwanza mbwa aliinusa akaenda zake. Ya thelathini niliiuza bila kuona haya, na siku ya arobaini nikatia saini.

Tangu hapo mtihani wake ulikuwa kando ya sufuria. Mwanafunzi alichukua karatasi ya swali mezani kama zamani, ila jibu lilikuwa jibini, nalo lililiwa. Tume ilipokuja kukagua, wajumbe wawili waliomba kuongezewa. Idara ikabaki.

Alimwoa Tsiala, muuguzi, tarehe 12 Mei 1979. Tsiala ndiye aliyemfunga vidole vilivyoungua zile siku arobaini, akinilaani mimi.

Moyo ulianza kumsumbua 2021. Daktari alimkataza chumvi na jibini. Murman akamtolea mhadhara wa saa nzima. Alifariki nyumbani tarehe 9 Novemba 2022.

Ameacha mjane, binti yao Lamara, wajukuu wawili, mimi dada yake, na wahitimu wengi. Kumi na mmoja nimewaajiri. Wengine sita wamefungua vibanda mkabala na changu, wananichukulia wateja, na jibini yao, nakiri mbele ya jeneza hili, ni nzuri.

Udongo wa Terjola umkalie mwepesi, apumzike.