Jecinta Wangeci Muturi, Mkazi wa Mirembe Nzima

Familia inawashukuru nyote mliofika makaburini Lang'ata leo, Ijumaa tarehe 14 Novemba 2025, kumsindikiza dada yetu. Wako waliotoka upande wa juu wa mtaa wa Mirembe na wako waliotoka upande wa chini. Angependa mketi mkiwa mmechanganyika. Hilo tumewaachia wenyewe.

Jecinta alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 huko Kangema, Murang'a, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Gachanja na Mama Teresia. Baba alikuwa mfanyakazi wa reli, na mwaka 1962 alituleta sote Nairobi, mtaa wa Makongeni, katika nyumba ambayo watoto sita walilala kwenye vitanda viwili. Kila Januari mpangilio wa kulala ulijadiliwa upya, na kila mtoto aliruhusiwa kutoa maoni. Jecinta ndiye aliyeongoza majadiliano hayo. Kwa namna ambayo hatukuielewa hadi leo, kila mwaka yeye ndiye aliyepata upande wa dirisha.

Alisoma shule ya msingi hapo Makongeni, kisha akajiunga na Shule ya Upili ya Wasichana ya Gathaiti kuanzia 1971 hadi 1974. Alifaulu vizuri. Walimu walimsifu kwa bidii na kumlaumu kwa jambo moja tu: alikuwa akiuliza swali baada ya kengele kulia, na swali lenyewe lilikuwa la maana, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuondoka.

Alianza kazi kama mpiga chapa katika kampuni ya malori, Barabara ya Enterprise. Huko aligundua kwamba madereva walilipwa vizuri kuliko wapiga chapa na walifokewa mara chache. Alipata leseni, na mwaka 1985 akawa mwalimu wa kwanza wa kike katika Shule ya Udereva ya Nyota Tatu, Barabara ya Jogoo. Alifundisha hapo hadi alipostaafu mwaka 2017. Nusu ya Eastlands ilijifunza kuendesha gari mikononi mwake, na nusu iliyobaki ilijifunza kupisha. Hakupaza sauti hata siku moja. Mwanafunzi akielekea mtaroni, alimwambia kwa upole, "Huko hatuna shughuli."

Miongoni mwa wanafunzi wake wa kwanza alikuwako karani mmoja wa posta, Stephen Muturi, aliyeshindwa mtihani wa udereva mara tatu. Muturi alikuwa akisimulia kwamba mara mbili za mwisho alishindwa makusudi, ili masomo yaendelee. Jecinta alisema hakuona tofauti. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 12 Aprili 1986, na Mungu akawajalia watoto wawili, Eve na Mbugua. Mwaka 1991 walinunua nyumba Mirembe, nyuma ya Donholm, kwenye Barabara ya Mikaranga. Walikaa hapo pamoja hadi Muturi alipofariki kwa kiharusi, Juni 2011.

Hapa lazima tumtaje Bi Habon Magan. Mama Ayanle, kama tunavyomwita, alizaliwa Garissa na anauza vitambaa kwa jumla Eastleigh. Mwaka 1994 alihamia nyumba inayotazamana na ya dada yetu, ng'ambo ya barabara hiyohiyo, na wiki ya pili akaja kubisha hodi akitaka kufundishwa gari. Somo la kwanza lilifanyika mbele ya nyumba zao, na majirani walitoka kutazama.

"Mama Eve, breki ni gani?" Habon alipiga kelele.

"Ni ile ambayo hujaikanyaga."

"Na hii nimekanyaga?"

"Hiyo ndiyo inayotupeleka kwa ua wangu."

Ua ulipandwa upya. Urafiki haukuhitaji. Muturi alipofariki, Habon alifunga duka wiki nzima na kuhamia jikoni kwa dada yetu, na wageni waliokuja na maneno mengi walipewa chapati ili wanyamaze. Pilau ya Idi ilivuka barabara kwenda juu, keki ya Krismasi ikavuka kwenda chini. Hakuna aliyekaa akafikiri kwamba hapo kati kuna mpaka.

Mwanzoni mwa 2024, Chama cha Wakazi wa Mirembe kilianza kupitia upya mipaka ya sekta zake na namna ya kuchagua wawakilishi. Pendekezo lilikuwa mtaa ugawanywe vyama viwili, kila kimoja na kamati yake, uchaguzi wake na askari wake, mstari ukipita katikati ya Barabara ya Mikaranga. Sababu iliyotolewa ilikuwa urahisi wa utawala. Mstari wenyewe ulikuwa umenyooka vizuri, ila ni kana kwamba ulikuwa umepita kwanza ukisoma majina ya wenye nyumba: kina Kivuva na kina Muturi walibaki juu, kina Magan na kina Abdinoor wakabaki chini.

Wakazi waliitwa kutoa maoni Jumamosi, tarehe 16 Machi 2024, saa kumi, katika ukumbi wa shule ya chekechea. Dada yetu alizunguka nyumba kwa nyumba, pande zote mbili, akiwahimiza watu waje. Walikuja. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, na wa upande wa chini walikaa na funga zao kwenye viti vya watoto, magoti yakiwa karibu na masikio, wakisikiliza hotuba kuhusu takataka. Jecinta alisimama akapinga. Alisema amefundisha watu kuendesha gari kwa miaka thelathini na mbili na hajaona barabara iliyotengenezwa kwa ajili ya upande mmoja. Alipigiwa makofi. Wengine wanne walipinga. Mwenyekiti, Bw. Kivuva, alisema maoni yamesikika.

Jua lilikuwa linazama na wenye funga walikuwa wanatazama saa. Hakuna aliyeita kura. Mwenyekiti alimwomba Mzee Job, mweka hazina, afunge kwa sala. Mzee Job ni mtu wa sala ndefu. Alishukuru kwa mvua, akaombea wagonjwa, serikali na bei ya unga, na palepale katikati akasema, "Na tunakushukuru, Baba, kwa kutupa moyo mmoja wa kuugawa mtaa huu kwa amani." Kisha akaombea safari za kurudi nyumbani, akamaliza, na ukumbi mzima ukaitikia Amina. Wa chini waliitikia pia, kwa adabu, wakakimbilia tende. Amina ya dada yetu ndiyo iliyosikika kuliko zote, kwa sababu alilelewa hivyo.

Wiki mbili baadaye kumbukumbu za mkutano zilibandikwa kwenye kibanda cha askari. Zilisema pendekezo lilipitishwa kwa kauli moja. Jecinta alikwenda kwa Bw. Kivuva akiwa bado na ndala za nyumbani.

"Mwenyekiti, mimi nilipinga."

"Ulipinga, Mama Eve. Tena vizuri sana. Halafu ukasema Amina."

"Kivuva, ile ilikuwa sala!"

"Na azimio lilikuwa ndani ya sala. Hata Mama Ayanle aliitikia, nilimsikia kwa masikio yangu."

"Mama Ayanle alikuwa na njaa!"

"Mama, sasa nikamwambie Mungu tumeghairi?"

Hatusemi Bw. Kivuva alidanganya. Tunaamini kabisa kwamba alidhani mkutano umekubali, na kwamba Mzee Job alidhani anashukuru kwa jambo lililokwisha kuamuliwa. Hivyo ndivyo mtaa wetu ulivyogawanyika: hakuna aliyeugawa, na kila mtu aliitikia. Kuanzia siku hiyo Jecinta aliomba akiwa amefumbua macho, kanisani na popote, na mchungaji alipomuuliza alisema anasikiliza vifungu.

Juni mwaka huohuo uzio ulijengwa katikati ya barabara kwa urefu wake wote, na mbele ya nyumba zao hizo mbili likawekwa geti la chuma, likatiwa kufuli. Mtu wa kutoka kwa Jecinta kwenda kwa Habon, ambako zamani alivuka akiwa na sufuria ya moto mkononi, sasa alipaswa kutokea barabara kuu ya Outer Ring na kuzunguka mtaa mzima. Habon alizunguka mara ya kwanza akafika amechoka na amekasirika. Kesho yake kila mmoja alileta kiti cha plastiki upande wake wa geti, na hapo wakanywa chai kila alasiri. Vikombe vilipita kati ya vyuma. Themosi haikupita, kwa hiyo mmoja alimimina na mwingine akasubiri.

"Tunaonekana kama tuko jela," Habon alisema.

"Ndiyo. Lakini mfungwa ni nani?"

"Wewe. Mimi nina duka."

Dada yetu hakunywa chai tu. Kwa zaidi ya mwaka mmoja alibisha milango ya upande wa juu, ambao ulibaki na chama cha zamani na sasa ndio pekee wenye haki ya kufungua upya shauri hilo, akieleza nyumba moja baada ya nyingine kwamba kuitikia sala si kupiga kura. Wengine walimkaribisha. Wengine, watu aliowafundisha gari na kuwazikia wazazi wao, walimwona dirishani wakazima televisheni. Aliambiwa ameuza watu wake. Siku hiyo alirudi nyumbani, akakaa jikoni bila kuwasha taa, akamwambia Eve, "Mimi nilidhani wote ni watu wangu." Hakulizungumzia tena. Septemba mwaka huu kamati ilikubali kuita kikao kipya cha maoni, safari hii chenye kura ya mkono, na yeye akaandikishwa msemaji wa kwanza.

Wakati huo alikuwa mgonjwa tayari. Januari 2025 madaktari waligundua kwamba figo zake zimechoka, na akaanza kusafishwa damu mara mbili kwa wiki. Mbugua yuko kazini Mombasa na Eve ana watoto wadogo, kwa hiyo aliyempeleka hospitali ni Habon, aliyezunguka kwa Outer Ring kuja kumchukua na kuzunguka tena kumrudisha. Dada yetu, amejifunika blanketi, hakuacha kazi. "Kioo, Mama Ayanle." "Nimetazama." "Umekitazama kioo au umejitazama?" Njia nzima. Habon anasema ni katika safari hizo tu ndipo alipoendesha gari huku machozi yanamtoka, na Jecinta, ambaye aliona kila kitu barabarani, alijifanya hakuona hilo.

Jumanne, tarehe 4 Novemba, kama saa tisa alasiri, walikuwa getini kama kawaida. Jecinta alikuwa anafanya mazoezi ya hotuba yake, maana kila msemaji amepewa dakika tatu na yeye alikuwa na za nusu saa. Katikati ya sentensi alinyamaza, akainama upande. Habon aliita. Ufunguo wa geti huwa na askari, na askari alikuwa amekwenda kula. Habon alipiga kelele hadi watu wa chini wakatoka, wakasimama naye wakiutikisa mlango wa chuma ambao waliweza kuona yote yaliyokuwa nyuma yake. Kisha akapitisha mkono kati ya vyuma, akaushika mkono wa dada yetu, akamwambia maneno ambayo hajatuambia sisi. Eve alipotoka nyumbani, aliwakuta hivyo. Jecinta alikuwa ameshatuacha.

Daktari alisema moyo ulisimama ghafla na kwamba geti lisingebadilisha chochote. Tumemwamini, kwa sababu tukiacha kumwamini hatutalala.

Jecinta ameacha watoto wawili, Eve na Mbugua, wajukuu watatu, ndugu wanne wa tumbo moja waliobaki, na dada mmoja, Habon Magan, wa Barabara ya Mikaranga, Mirembe. Kamati ilituuliza kama jina hilo la mwisho limeingia kwa makosa. Halikuingia kwa makosa.

Tunamshukuru Bw. Kivuva kwa hema na viti, na kwa kuagiza geti lifunguliwe leo asubuhi ili jeneza lipite. Limefunguliwa kwa saa mbili.

Kikao cha maoni kitafanyika Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe 22, saa nane mchana, katika ukumbi uleule. Watakaopiga kura ni wakazi wa upande wa juu peke yao, na wengi wao wameketi hapa. Mama Ayanle hana ruhusa ya kuzungumza, kwa kuwa kwa mujibu wa chama yeye ni mgeni. Nafasi ya msemaji wa kwanza haina mtu. Hotuba haikuandikwa popote; alikuwa nayo kichwani, na tunakwenda kuifukia sasa hivi. Mwingine itabidi asimame aseme yake.

Lala salama, dada yetu Jecinta. Mwenyezi Mungu akupe kule amani ambayo sisi hapa tumekunyima.