Kiyoyozi cha Viti Vitupu

Basi la wafanyakazi wa chuo hunibeba kwa heshima ya mvi zangu tu, maana shuleni niliishia pale wenzangu walipoanzia. Nikikaa kimya watu hudhani sisikii. Nasikia sana.

Leo mbele yangu walikaa fundi umeme wa chuo na mama mmoja wa maabara. Mawingu yalitanda kutwa, sola haikujaza betri, na sasa ilibidi fundi azime jengo moja kwa simu yake.

"Dada, friza ikifungwa inashika baridi mpaka asubuhi," fundi akasema. "Tatizo wewe unaifungua kila mara kuangalia kama bado ina baridi."

Nikajiona mimi. Kuku wangu akiatamia, namwinua nitazame mayai. Vifaranga nawaona kwa jirani.

"Kweli, kaka, nina kiherehere," mama akakubali. "Lakini mle mna chanjo za mifugo, kazi yangu ya miaka mitatu. Zima jengo la ofisi ya mkuu wa chuo."

"Mkuu ni mkuu, dada."

"Mkuu kasafiri tangu juzi. Kiyoyozi kinapepea viti vitupu."

Fundi akanigeukia. "Mzee, wewe ungezima wapi?"

"Mwanangu," nikasema, "kwangu hata rimoti ya televisheni anashika bibi yenu."

Wakacheka, nami nikajihesabu mshauri. Basi likasimama getini mwa chuo. Wakashuka wakibishana, simu mkononi mwa fundi, kidole hakijagusa kitu, macho kwenye dirisha la mkuu, ameinamisha kichwa kwa adabu kana kwamba mwenyewe yumo.