Sweta Yenye Kifungo Chekundu

“Basi niambie, Mama, sweta yangu imefikaje huko kabla yangu!” muuguzi alisema, akimsogezea Mama Mchungaji simu puani. Nilikaa nyuma yao kwenye basi la uwanja wa ndege. Sikualikwa, lakini macho ninayo. Picha ilitumwa na kanisa la ng'ambo, ambako kikundi chao kilikuwa kinakwenda kuhubiri wiki mbili. Hakuna kati yao aliyewahi kufika huko. Pichani, sweta ya kijivu ilikuwa imetundikwa msumarini, vifungo vyake vyeusi, kimoja chekundu. Chini waliandika: “Ya dada yenu aliyebaki kwetu. Kaburi lake tunalitunza.”

“Sweta zinafanana, mwanangu. Shetani huyo, anakutisha usisafiri.”

“Kifungo hicho alinishonea mama yangu. Shetani hajui kushika sindano.”

Nilicheka, kisha nikamtazama muuguzi vizuri. Sweta yenyewe alikuwa ameivaa.

“Kanisa zima limekuombea. Tutawaambia nini?”

“Waambieni nimeogopa. Ndiyo kweli.”

Basi liliposimama uwanjani, muuguzi aliivua ile sweta, akaiacha kitini, akashuka. Hata begi lake hakulidai. Alivuka barabara kwenda kusubiri basi la kurudi.

Mama Mchungaji aliguna. “Watoto wa siku hizi! Na huko nasikia kuna baridi kali.” Akaiokota, akaivaa, akafunga vifungo kimoja kimoja, kile chekundu mwisho, akashuka na wenzake.